Simu ya chini inakula maneno, na biro inasema rezo iko muzima

Wakubwa wa kazi wanasema rezo ya kompanyi iko muzima. Wafanyakazi wanasema simu ya chini inakula maneno, kwamba mutu anaita mara tatu mbele ya kusikiwa, na kwamba baji inapita ku mashini lakini siku ile haionekane ku pointaji mwisho wa mwezi. Siye tumesikia maneno haya kwa wachimbaji wa kompanyi zaidi ya moja. Hatutataja hata moja, sababu ugonjwa huu hauna kompanyi, unafuata mashini popote inapofungwa vibaya. Tunachotaka kusema leo ni hiki: wote wawili, wa biro na wa chini, wanasema kweli. Wa biro anaona kweli kwamba rezo inafanya kazi. Wa chini anasikia kweli kwamba maneno yanapotea. Kinachokosekana ni mutu wa kusoma hesabu inayofaa, na mutu wa kumulazimisha aisome.

Wasomaji wengine watajiuliza kama jambo hili ni la ukurasa huu. Ni la mafundi wa ordinatere, watasema. Hapana. Wakati simu ya chini, mashini ya kupima hewa, taa za hatari na baji ya kila mutu vinapita mu uzi moja, uzi ule ni sawa na kamba ya kaji. Hakuna mama anayeambiwa hapa Kolwezi ao Kipushi kwamba kamba ya kaji ni jambo la mafundi peke yao.

Basi tuelezane. Zamani sauti ya simu ilikuwa na uzi wake yenyewe. Leo mashini inakata sauti vipande vidogo-vidogo vinavyoitwa paketi. Simu ya kawaida ya aina hii inatuma paketi 50 kila segonde, na kila paketi inabeba milisegonde 20 ya sauti. Picha ya kamera inakatwa vilevile, na namba ya baji, na vipimo vya hewa. Paketi zote zinakutana ku sanduku la chuma lenye taa ndogo za kijani zinazochezacheza. Ndilo swichi. Mutu akipita karibu na lampisteri ao biro ya kapita, ataliona limefungwa ku kibambazi, mara nyingi na vumbi juu. Swichi iko na milango. Paketi inaingia ku mulango moja, swichi inasoma inaenda kwa nani, inaitosha ku mulango ingine. Ni kazi ya polisi wa rulaji ku njia panda, lakini anayeongoza mamilioni ya magari kwa siku bila kupiga filimbi.

Mulango wa kutokea ukipata kazi mingi kwa mara moja, paketi zinapanga mulongo. Kila mulango uko na nafasi ya kungojea, na nafasi ile ni kidogo. Ikijaa, paketi inayokuja inatupwa. Haiandikiwe barua, hairudishwe nyuma. Swichi inaongeza moja ku konteri yake na kazi inaendelea. Taa inabaki kijani. Ndiyo maana mutu wa biro anaweza kuapa mbele ya Mungu kwamba rezo iko muzima: yeye anaangalia taa, haangalie konteri.

Na hata akiangalia karatasi ya matumizi, karatasi inamudanganya. Hapa tukae kidogo, sababu ndipo watu wengi wenye diploma wanateleza.

Fikirini kaji. Ukihesabu watu wote wanaopanda na kushuka kwa siku nzima, halafu ugawanye kwa saa 24, utaona kwamba kaji inakaa karibu tupu. Mukubwa anayesoma wastani ule atasema: munalalamika nini, kaji inatumika kidogo tu. Lakini munajua wenyewe namna inavyokuwa saa nane ya mchana, wakati posti ya asubuhi inataka kupanda na posti ya pili inataka kushuka. Wastani wa siku haujui msongamano wa saa nane. Rezo ni vilevile, isipokuwa "saa nane" yake inadumu sehemu ndogo sana ya segonde, na inarudi mara mingi kwa siku.

Tufanye hesabu, haiko ngumu. Swichi inapokea data ku mulango wa gigabiti moja kwa segonde, na inapashwa kuitosha ku mulango wa megabiti 100, ni kusema mwembamba mara kumi. Data ikiingia kwa nguvu yote kwa milisegonde 10 tu, zimeingia biti milioni 10. Kwa wakati uleule zimetoka milioni 1. Milioni 9 zinangoja, ni kusema zaidi ya kilobaiti 1100. Kama nafasi ya kungojea ya mulango ule ni kilobaiti 200, zaidi ya kilobaiti 900 zimetupwa kabla mutu hajapepesa jicho. Sasa chukua zile biti milioni 10 na uzigawanye kwa dakika tano, sababu swichi nyingi zinaonyesha wastani wa dakika tano. Inakuwa kama biti 33 000 kwa segonde. Ku mulango wa megabiti 100, hiyo haifike hata moja kwa mia. Haifike hata moja kwa elfu! Karatasi ya biro itaonyesha mulango uliolala usingizi, na kumbe mulango uleule umetupa maneno ya watu.

Sasa ongeza kamera. Kamera 20, kila moja megabiti 4 kwa segonde: jumla 80 ku uzi wa 100. Kwa macho inatosha, inabaki hata nafasi. Lakini kamera haitumi sawasawa kama maji ya robine. Mara kwa mara inatuma picha nzima, nzito, halafu kwa muda inatuma tu mabadiliko, mepesi. Kamera tano ao sita zikituma picha nzima kwa wakati moja, mulongo unajaa mara moja. Mutu aliyekuwa anasema ku simu wakati ule, maneno yake yamekuta nafasi imejaa.

Hapa kuna jambo ambalo wachimbaji wanalijua kwa masikio bila kulijua kwa jina. Si kila paketi inayotupwa inaleta hasara sawa. Barua ya ordinatere, ao karatasi ya rapoti, ikipoteza paketi, mashini iliyotuma inaona kwamba haikujibiwa, inatuma tena. Mutu wa biro anaona tu kwamba inakawia kidogo. Lakini sauti haitumwi mara ya pili, sababu ikirudi imechelewa na neno lingine limekwisha kusemwa. Kwa hiyo hasara ileile, mutu wa biro anaiita pole-pole, na mutu wa chini anaiita kimya.

Na lugha yetu inatuweka mu hatari kuliko zingine. Paketi moja ikipotea, sikio halioni kitu. Lakini paketi hazitupwi moja-moja, zinatupwa kwa kundi, sababu mulongo ukijaa unajaa kwa wote wanaofuata. Paketi kumi zilizofuatana ni milisegonde 200, ni kiasi cha silabi moja ao mbili. Mu Kiswahili, kukataza kunakaa mwanzoni mwa neno. "Usifungue" ikipoteza mwanzo wake inabaki "fungue". "Haijapita" inaweza kufika "imepita" mu kichwa cha mutu aliyechoka anayesikia nusu. Mfaransa akikataza anarudia mara mbili, mbele na nyuma ya verbe. Siye tunaweka kukataza kwetu ku silabi za mwanzo. Ndiyo maana wazee wa migoti walizoea kurudia: "Hapana, nasema hapana, acha." Mazoea ile ni nzuri, na tunaomba vijana wasiicheke.

Migoti ya inchi zingine imelipa sana kwa maneno yaliyopotea. Tarehe 2 Januari 2006, mugoti wa makaa wa Sago, mu Virginia ya Magharibi ku Marekani, ulilipuka. Wachimbaji 12 walikufa. Moja tu mu wale waliofungiwa chini alitoka muzima. Hakukuwa njia ya kusemezana nao. Na wasaidizi walipowafikia, habari ilipita kinywa kwa kinywa, toka kwa watu waliovaa vifuniko vya kupumulia, mupaka ku biro ya juu. Chini walisema moja ni muzima. Juu wakasikia 12 ni wazima. Familia zilizokuwa zinangojea ku kanisa ziliimba na kulia kwa furaha karibu saa tatu nzima mbele ya kuambiwa ukweli. Haikuwa swichi iliyofanya ile. Ilikuwa njia mbaya ya kupitisha maneno, na watu mingi katikati. Lakini mwaka uleule Marekani ilitosha sheria inayoomba kila mugoti wa makaa wa chini kupanga namna ya kusemezana bila uzi, pande zote mbili, na namna ya kujua mutu yuko wapi chini. Walielewa kwamba maneno ni chombo cha usalama kama kofia na taa.

Sisi, bila sheria kama ile, kompanyi nyingi zimeleta vyombo vile mu Katanga kwa mapenzi yao ao kwa kuombwa na wenye kuwakopesha franka. Ni vizuri, tunasema asante. Lakini kununua ni kitu kimoja, kuchunga ni kingine.

Tuseme pia yanayowafaa wakubwa, ili tusikuwe watu wa kulalamika tu. Kutupa paketi si zambi. Ni namna rezo inavyojikinga. Mu mwezi wa Oktoba 1986, ku Berkeley, California, njia ya kati ya maabara moja na chuo kikuu cha jirani, umbali chini ya metre 400, ilishuka toka biti 32 000 kwa segonde mupaka biti 40. Arobaini! Mutu anayeandika kwa mukono anaweza kushindana nayo. Sababu ilikuwa hii: kila ordinatere iliyopoteza paketi iliituma tena haraka-haraka, na kwa kufanya vile ikazidi kujaza njia. Van Jacobson alifundisha mashini kupunguza mwendo kila zinapoona paketi imepotea, na karatasi yake ya 1988 ingali inaongoza intaneti ya leo. Kwa hiyo hatuombi konteri ibaki ku zero. Tunaomba mutu ajue ni paketi za nani zinazotupwa.

Tunasema hivi pia juu ya wandugu wengine mu sendika wanaosema kwamba kompanyi inafuta pointaji makusudi ku swichi. Hatuamini. Swichi haijui jina la mutu, haijui matrikule yake, haisomi kilicho ndani ya paketi. Mwenye kutaka kuiba siku za watu atafanya ile ku ordinatere ya biro ya watu, si ku kibambazi cha lampisteri. Ukweli ni rahisi zaidi. Mashini ya baji yenye kutengenezwa vizuri inaandika ndani yake kila baji iliyopita, na rezo ikirudi inatuma yote. Mashini ya bei ndogo, ao iliyofungwa vibaya, inajaribu mara moja ao mbili, halafu inasahau. Rezo inapoteza, mashini inasahau, na mwisho wa mwezi mutu anaambiwa: "Haukuwa ku kazi." Swali la haki ni hili: kwa nini hasara ya mashini inaandikwa ku mushahara wa mutu? Kwa maoni yetu, siku ambayo konteri ya swichi ile inaonyesha paketi zilizotupwa, neno la kapita na la wenzake wa posti lipashwe kutosha. Na mu migoti mingi ya dunia, jeto la chuma ku lampisteri, moja ku ubao na moja ku mukanda wa mutu, lilifanya kazi ile miaka na miaka bila kuomba kura ya SNEL.

Sasa dawa. Tumesikia mara mingi dawa mbili za uvivu. Ya kwanza ni kuzima na kuwasha swichi. Konteri inarudi ku zero, fundi anapiga picha ya zero ile, anaituma kwa mukubwa wake, jioni ugonjwa umerudi. Ya pili ni kuongeza nafasi ya kungojea. Inaonekana ni akili: mulongo unajaa, basi rudisha mulongo murefu. Kumbe mulongo murefu hautupi maneno, unayachelewesha. Simu inafika, lakini imekawia hata nusu segonde, na watu wawili wanaanza kusema kwa wakati moja, kila mutu anafunika sauti ya mwenzake. Jim Gettys, fundi wa Marekani, alianza kupigia kelele ugonjwa huu mu 2010, wa nafasi kubwa kupita kipimo mu mashini za rezo. Nafasi kidogo zaidi inaweza kusaidia wakati msongamano ni wa mara moja-moja. Ikiwa msongamano ni wa kila wakati, hakuna nafasi itakayotosha: kaji ndogo inabaki kaji ndogo hata ukijenga hangari kubwa ya kungojea.

Fundi wa kweli anaanza na kutenganisha magonjwa mawili ambayo wa chini anayasikia sawa. Kuna paketi zinazofika zimeharibika, na kuna paketi zinazotupwa sababu mulongo umejaa. Konteri zake si moja. Za kuharibika zinahesabiwa ku mulango wa kuingia. Za kutupwa zinahesabiwa ku mulango wa kutokea. Ukiona za kuharibika zinapanda, acha hesabu za msongamano, shuka uangalie uzi. Mu mugoti, uzi unakanyagwa na mashini, unapigwa na mawe, unapitishwa karibu na uzi wa kura kubwa wa mashini za upepo, na umeme ule unaingia mu data. Uzi wa shaba wa rezo haupashwe kupita metre 100, na tunajua mahali ambapo mutu aliunganisha vipande mupaka 140 sababu bobine ilikuwa karibu. Ku fibre, vumbi kidogo ku ncha inatosha kuharibu kazi. Kitambaa cha kusafisha hakigharimu kitu, lakini kiko mu magazini ya Lubumbashi, si mu mufuko wa fundi wa chini.

Kuna pia ugonjwa wa milango miwili isiyosikilizana. Mulango moja umewekwa kwa mukono useme na kusikiliza kwa wakati moja, mwenzake umeachwa uchague peke yake. Usipopata jibu, unachagua kusema kwa zamu. Hapo mmoja anasema wakati wote, mwingine anafikiri amekatizwa. Wakati kazi ni kidogo, vitu vinaenda. Kazi ikipanda, hasara inapanda. Ni ugonjwa wa zamani, watu wanafikiri umeisha, lakini ku vyombo vya migoti, vinavyodumu miaka 15 ku kibambazi, tunaambiwa ungali unaonekana. Dawa ni kuweka pande zote mbili namna moja. Dakika mbili.

Kama uzi ni muzima na milango inasikilizana, na konteri ya kutokea ingali inapanda, basi ni msongamano. Hapo fundi anapashwa kuandika hesabu ya konteri mbele ya posti kubadilika na kuiandika tena nyuma. Ashushe wastani toka dakika tano mupaka segonde 30 kama swichi yake inakubali, ajue kwamba hata segonde 30 ni ndefu. Atafute ni mulango gani mwembamba: mara nyingi ni ule unaopanda juu, ambapo milango 24 inakutana kumimina ku uzi moja. Halafu aulize nani anamimina. Hapo jibu linaacha kuwa la ufundi.

Sababu kuna dawa ya tatu, ya haki, na ndiyo tunayotaka kusemea zaidi. Kila paketi inabeba ku kichwa chake alama ndogo ya biti 6, ni kusema alama 64 zinazowezekana. Namna ile iliandikwa mu kanuni za intaneti mu 1998. Kwa desturi sauti inapewa alama 46. Swichi inaweza kuamriwa: yenye alama hii ipite mbele, hata mulongo ukiwa mrefu. Ni kama ambilansi ku njia panda. Lakini swichi nyingi, zikitoka mu karto, zinatendea paketi zote sawa. Na kuna aina za Cisco zilizouzwa sana duniani, 2960 na 3750, ambazo ukiwasha tu kazi ile bila kuipanga, nafasi ya kungojea inagawanywa mu mafungu manne, na paketi za kawaida zinabaki zimebanwa ku fungu dogo. Zinatupwa kuliko mbele. Fundi anaogopa, anazima, hagusi tena. Tunamuelewa. Lakini kuzima si kupanga.

Kupanga ni kusema nani apite mbele ya nani, na hiyo si kazi ya fundi peke yake. Tumeona orodha ya kompanyi moja ambapo kamera za kuchunga magunia ya cobalt zilikuwa mbele ya simu za chini. Hakuna mutu mubaya aliyekaa akaamua kwamba gunia ni bora kuliko mutu. Ilitokea hivi: servisi ya ulinzi ndiyo iliyoomba kwanza, na kwa sauti kubwa, na wa chini hawakuitwa ku mukutano. Wa ulinzi watajibu kwamba kamera nazo zinaokoa watu, na ni kweli kwa zile zinazoangalia tapi, kaji na mahali pa kulipulia. Hizo zipewe nafasi yao. Lakini kamera ya gunia inaweza kupoteza picha moja na gunia likabaki gunia. Kwa orodha yetu, tukiombwa, vipimo vya hewa na alama za hatari vingetangulia, ni vyepesi sana, havijazi njia. Sauti ingefuata. Halafu baji. Halafu kamera za usalama wa watu, kisha za mali, kisha barua na rapoti za biro. Filamu ambazo vijana wa biro wanashusha usiku, ziende ku njia yao ingine; na tunasema hivi bila kicheko, sababu mu kompanyi ile ilionekana kwamba uzi ulikuwa uleule.

Watasema franka. Kubadilisha uzi wa kupanda juu toka megabiti 100 mupaka gigabiti inaomba swichi mpya, na pengine fibre. Tunajua. Lakini kuandika hesabu ya konteri, kusafisha ncha ya fibre, kusawazisha milango miwili, kupanga alama: vyote vile vinaomba mutu moja aliyefundishwa na posti chache za kazi. Na tunaomba mafundi wasichukue andiko hili kama vita juu yao. Mara mingi wako wawili kwa mugoti mzima, wanaitwa usiku kwa printa ya direkta, na hakuna anayewauliza juu ya swichi ya lampisteri mupaka siku ya msiba.

Sheria ya kazi ya 2002 inaomba kila mahali pa kazi pawe na komite ya usalama na usafi, ambapo wafanyakazi wanakaa pamoja na wenye kuongoza. Komite zinaangalia viatu, kofia, maski, maji ya kunywa. Hatujui sababu moja ya kweli inayokataza konteri za rezo ya chini kuwekwa ku meza ileile kila mwezi, karatasi moja, mistari michache.

Kwa hiyo, wandugu delege, ku mukutano unaokuja ulizeni maneno matatu, na muombe yaandikwe ku procès-verbal. Kwa mwezi huu, ku kila swichi ya chini, ni paketi ngapi zilizotupwa ku mulango wa kupanda juu, na saa gani? Mulongo ukijaa, ni paketi za nani zinazotangulia, na nani alitia saini ku orodha ile? Na mutu aliyekatwa siku kwa sababu baji yake haikuonekana, nani aliangalia konteri ya siku ile mbele ya kumukata?